Nahodha Aliyezamisha Meli Yake

Asubuhi ile ya Septemba 1943, siku ya nne tangu Italia isalimu amri kwa Waingereza na Wamarekani, na Wajerumani, washirika wake wa jana, kuanza kuteka bandari na meli zake, Ersilia Dossena alikuwa kwenye tramu ya Genova. Mumewe, nahodha wa manowari, alikuwa hajaleta habari yoyote.

Nyuma yake, fundi wa bandarini alimwambia mama mmoja muuza samaki, "Huyo Dossena ni msaliti. Miaka ishirini anakula mshahara wa jeshi, halafu anaizamisha meli yake mwenyewe!"

"Ulitaka awape Wajerumani?" mama akafoka. "Mpwa wangu alikuwemo. Walishushwa wote salama, mzee."

"Punguza sauti, utatuponza. Angepigana."

"Kwa mafuta gani? Mate yako?"

Ersilia alitaka kucheka, akashindwa. Akageuka. "Na nahodha mwenyewe, mama? Alishuka?"

Mama akamtazama usoni, akaelewa. "Alishuka wa mwisho," alisema polepole. "Wajerumani walikuwa wanamngoja gatini. Wamemfungia ghalani, hukohuko."

Tramu ikasimama.

"Mimi bado nasema angepigana," fundi akanong'ona, huku akimpisha Ersilia.

Hicho hakikuwa kituo chake, lakini alishuka, akashika njia ya bandarini mbio.