Faili Zilizonenepeshwa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpendwa. Viongozi mlioketi kwenye viti vyenye mito. Na ninyi wenzetu mlioketi juu ya maboksi ya kanda kwa kuwa viti havikutosha: hamjambo, na poleni na joto.

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Maktaba ya Sauti, chumba cha chini, tumefurahi mno kukuona. Tangu uteuliwe tumekuwa tukikujua kwa saini tu, na leo tumejaliwa kuona mkono wenyewe. Utuwie radhi kwa lori linalounguruma hapo nje. Umeliagiza mwenyewe, nasi tutalifikia.

HISTORIA FUPI

Maktaba hii ilianza na kanda. Bendi, kwaya na watoto wa shule waliimba mbele ya maikrofoni, kanda ikazunguka, sisi tukaipanga kwenye rafu. Kompyuta zilipokuja tukahamishia kanda hizo kwenye faili za WAV, ambazo hutunza kila kilichoingia, hata kikohozi cha mpiga tarumbeta. Ni faili kubwa, hilo hatukatai. Ndipo likaja agizo lako la kwanza: diski zimejaa, kila kitu kibanwe kiwe MP3, tena kwa kiwango cha chini kabisa, na zile faili kubwa zifutwe.

Mgeni rasmi, hatuna ugomvi na MP3. Ikibanwa kwa kiasi, mtu anayefua nguo huku akisikiliza simu yake hatalalamika. Ila kubana kwa namna hiyo ni kutupa. Mashine huchagua inachodhani sikio halitakikosa, na ukiilazimisha sana hutupa hata kile ambacho mtu alikuja kukisikiliza. Tulikueleza hivyo. Ulitujibu tuache uzembe. Tukaacha uzembe, tukafuta.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na yote ni yako. Kubwa kuliko yote ni hili unalolizindua leo, Mkusanyo wa Sauti Bora. Kamati yako ya Ubora, iliposikia kwamba watu wamerudi kupenda sauti safi, ilichukua MP3 zile zile zilizokonda ikazigeuza kuwa WAV. Faili zikanenepa papo hapo, na Kamati ikajipigia makofi. Kwa kweli tulikuwa hatujaona mchuzi ukiongezwa maji, kisha mpishi akasifiwa kwamba amerudisha nyama.

Na kwa kuwa ubora umesharudi, agizo lako la pili limesema kanda hazina kazi tena. Zipakiwe zikatupwe leo baada ya sherehe, na chumba chake kiwe ukumbi wa mikutano. Tunakushukuru, maana tulikosa kabisa mahali pa kujadili ubora.

CHANGAMOTO

Changamoto tunayo moja, nayo imeketi kulia kwako. Tunamwita Mzee Besi.

Ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi iliyorekodi humu humu, na mkewe aliimba sauti ya pili. Mkewe ameshatangulia. Picha zake zipo, lakini sauti yake imebaki mahali pamoja tu, katika wimbo mmoja, nyuma ya mwimbaji mkuu. Mzee alipoona tangazo la Sauti Bora alipiga shati pasi, akashuka ngazi zetu huku akishika ukuta. Moyoni alikuwa na haja moja. Kabla ya ubeti wa mwisho mkewe huvuta pumzi, na pumzi ile ndiyo iliyokuwa ikimwambia aingie na besi. Alitaka aisikie tena, basi.

Tukamvalisha hedifoni. Akafumba macho. Matoazi yalilia kama maji yanayomwagwa bafuni, lakini alivumilia, kama alivyozoea kuwavumilia wapiga ngoma. Ubeti wa mwisho ukafika, ukapita.

"Mmemweka wapi?" akatuuliza.

Dada yetu wa mitambo alimwambia ndiye huyo, anasikika kwa mbali. Mzee akavua hedifoni taratibu.

"Mwanangu, mke wangu namjua hata akiwa chumba cha pili. Huyo ni mtu anaimbia ndani ya ndoo."

Tuliona aibu, tena aibu ya kweli. Tukampeleka kwa Katibu wa Kamati. Katibu, kwa upole wake, alisema masikio ya wazee huchoka, kisha akamwonyesha kwenye skrini jinsi faili ilivyo kubwa. Mzee alimshukuru. Akarudi kwetu akatuuliza kama kanda yenyewe bado ipo. Tukamwambia ipo, mpaka lori lije. Tangu siku hiyo anakuja kukaa mlangoni pa chumba cha kanda kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitali, na akisikia gari lolote anasimama.

MAOMBI

Tunajua mgeni rasmi huombwa feni, viti na nyongeza ya mishahara. Feni tumeshaisahau. Tunaomba lori lirudi tupu. Tunaomba kanda zihamishwe upya, bila haraka, kwenye faili zisizotupa kitu. Na kama nafasi ndiyo inayokukosesha usingizi, ipo FLAC, ambayo hubana bila kutupa. Hilo pia tulikuwa tumeliandika, tukajibiwa kwamba limepokelewa.

Kabla hujakata utepe, tumekuandalia burudani ndogo. Kanda ya Mzee Besi iko kwenye mashine pale mezani. Tutapiga ubeti wa mwisho mara mbili, mara moja kutoka kwenye kanda na mara moja kutoka kwenye Sauti Bora. Hatutakuambia ipi ni ipi, na tunaomba usitazame kompyuta wala Kamati. Mtazame mzee usoni. Baada ya hapo, kama bado utaona kanda zinafaa kutupwa, toka wewe mwenyewe ukazipakie, kwa sababu sisi hatutazibeba.

Mwenyezi Mungu akujalie afya njema, umri mrefu na masikio.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maktaba ya Sauti, Chumba cha Chini.