Ndege Inayonyonyesha Wenzake

Kifuniko cha birika langu kiligongagonga kabla ya alfajiri, nikanywa chai nikawahi taksi ya Pinetown, daladala ya huku. Mbele yangu aliketi Mama Peguy, msusi Mkongo wa Greyville. Mama yake anaumwa Lubumbashi, naye hajui aende kwa ndege, anayoiogopa, au kwa basi kama mwaka juzi.

Respicius, kijana wa Bukoba aliyempisha dirishani, akamtuliza. “Ndege ni imara, mama. Zikizeeka kubeba abiria, jeshi huzing'oa viti, likazijaza mafuta zikanyweshe ndege nyingine huko huko angani.”

“Bakatosha viti, bakaviondoa vyote? Na batu balienda wapi?”

“Walishashuka, mama.”

Nilimeza kicheko, maana aliuliza kwa huruma ya kweli.

“Sasa yangu ikiishiwa, ule mzee wa mafuta atakuja kuinyonyesha?”

“Hapana, ile ni ya jeshi tu. Yako hujazwa chini.”

“Unaona, papa? Basi ikiishiwa, tunashuka tunasukuma. Kule juu nitasukuma nini?”

Simu ya Mama Peguy ilipolia, Respicius akampokea mkoba ili aongee. Taksi ikasimama Pinetown, na sauti ya mama yake kutoka Lubumbashi ikapenya simuni, ikatufikia sote: “Mwana wangu, kwa ndege ama kwa basi, uje tena kuniona.”