Masizi ya Bunduki ya Kaka

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu ya kwake na mmoja wa tofali, na wanaolikalia asubuhi Mama Kahawa anawajua mpaka wanavyokoroma. Siku hiyo Seremala alikuja amekumbatia mtutu uliofungwa gunia, akakaa ukingoni kama mtu aliyekuja kuposa bila mshenga. Habari zilikuwa zimeshamtangulia, maana Dereva Mstaafu akimeza neno, halifiki tumboni. Kaka yake Seremala, kabla ya kulazwa hospitali, alimwachia bunduki ya kufukuzia nguruwe wanaomaliza mahindi, ile ya risasi anazozijaza mwenyewe kwa baruti nyeusi. Sasa ukichungulia mtutu huo upande mmoja, wa pili huuoni.

— Lete tuone, alisema Kinyozi. Loo! Hii ni bunduki au bomba la jiko?

— Masizi tu, alisema Seremala kwa sauti ndogo. Baruti nyeusi inaacha masizi kila ukipiga.

— Sasa ulikuwa huisafishi?

— Nilisafisha. Kila nikipiga, nilimimina mafuta ya mashine.

— Mafuta juu ya masizi! Umepika lami, bwana. Kaka yako alikwambia utumie nini?

Seremala aliukuna mtutu kwa kucha.

— Maji ya moto. Alisema nisukutue kwa maji ya moto mpaka yatoke meupe, nikaushe, ndipo nipake mafuta. Lakini alikuwa na homa, anatetemeka. Nikajua homa ndiyo inayosema. Mimi na msumeno wangu, tone la maji tu ni kutu. Nitamwagaje maji kwenye chuma cha watu?

— Na kutu imeingia vilevile, alisema Mama Kahawa, akimjazia kikombe. Kunywa, baba, usijitese.

Dereva Mstaafu aliona zamu yake imefika.

— Dizeli. Lowesha siku nzima. Mimi gari langu liliwahi kuziba...

— Wewe hata mkeo akiumwa jino ungemlowesha dizeli! alisema Kinyozi. Mafuta juu ya mafuta?

— Basi soda, alisema Waziri, ambaye uwaziri huo alijipa mwenyewe kwa kuvaa koti kwenye jua. Soda inakula msumari, sembuse masizi?

— Ikimaliza masizi itaacha mtutu? aliuliza Kinyozi.

— Sikilizeni, basi, alisema Waziri. Jaza risasi moja, baruti maradufu. Piga! Uchafu wote utatoka mbele.

— Na meno yake yatatoka nyuma, alisema Mama Kahawa. Mtutu umeziba, wewe unataka upasuke mikononi mwake?

— Haya, siafu! alisema Waziri tena. Baruti ina chumvichumvi. Ufukie kwenye njia ya siafu, upake na asali kidogo. Kesho unachungulia, unaona mpaka hospitali.

Benchi lilicheka hadi tofali likateleza. Seremala naye alicheka, kisha neno hilo la hospitali likamfanya aurudishe mtutu ndani ya gunia. Tangu kaka alazwe hajakanyaga huko. Kila Jumapili alivaa shati safi, akafika mlangoni, akauona mtutu umeegemea ukuta, akarudi kukwangua. Alijiambia ataingia wodini siku atakapokuwa na jibu zuri. Mikono iliyotengeneza nusu ya milango ya mtaa ule, imeshindwa na bomba moja la chuma.

Ndipo mke wa kaka yake akatokea kwenye kona, chupa ya uji kwapani, kandambili moja imefungwa waya. Waziri akafunga vifungo vya koti.

— Shikamoo, shemeji, alisema Seremala akisimama.

— Marahaba. Afadhali nimekukuta. Naenda kumpelekea ndugu yako uji, siku hizi anakunywa vijiko viwili, anachoka. Mwanamke alitazama gunia. Hiyo si bunduki yake?

— Nimeiharibu, shemeji. Nilipaka mafuta, sikuiosha. Nilitaka kwanza niitengeneze, ndipo nije. Ameiulizia?

— Bunduki? Shemeji wa watu alishangaa kweli. Hajaitaja hata siku moja. Anakuulizia wewe. Mlango wa wodi ukilia anainua kichwa, akimwona nesi anakilaza tena. Mimi namwambia una kazi nyingi. Jana akaniuliza, "Nimemkosea nini mdogo wangu?"

Alihamishia chupa kwapa la pili.

— Niambie, shemeji. Nikamjibu nini?

Seremala akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Dereva, naye Dereva, aliyekuwa na dawa ya kila kitu, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Hata Waziri hakuwa na siafu wa jambo hilo. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Seremala. Likatoa machicha tu.

Mwanamke akaondoka zake, maana uji ulikuwa unapoa.