Gervasi Habonimana: Zamu Yake ya Kusoma

Marehemu Gervasi Habonimana alizaliwa Ilagala tarehe 9 Juni 1988, kitinda mimba wa Mzee Pastory na marehemu Mama Aurore. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza kidato cha sita mwaka 2009 na kufaulu vizuri. Alitaka kusomea sheria. Ada haikupatikana, naye akajifunza ushonaji, akafungua kibanda chake cha cherehani sokoni Mwanga.

Hapo ndipo alipomfahamu Happiness, aliyemletea sketi ya kupunguza kiuno. Huyo naye alikuwa ameitwa chuoni na hana wa kumlipia. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 2012, wakakubaliana kusomeshana kwa zamu. Happiness alipouliza nani aanze, Gervasi alimjibu, "Mimi nina cherehani, wewe una nini? Tangulia. Ukipata kazi, na mimi utanisomesha."

Happiness akaenda Dodoma kusomea ualimu. Mkopo aliopata ulifika nusu ya ada. Iliyobaki ilitoka kwenye sare za shule alizoshona mumewe. Treni ya kwenda Dodoma ikiondoka, mara nyingi ilikuwa na mzigo wake: mawese, unga wa muhogo, samaki wakavu aina ya migebuka. Mwaka wa pili alikwenda mwenyewe, amevaa suti aliyojishonea. Alipoingia darasani kumtafuta mkewe, wanafunzi wote wakanyamaza na kufungua madaftari. "Walidhani profesa kaingia!" aliwasimulia wateja, akicheka mpaka anafuta machozi. Ambalo hakuwasimulia ni kwamba siku hiyo aliomba akae nyuma, akasikiliza kipindi kizima.

Happiness alihitimu mwaka 2015, akasubiri miaka mitano hadi kupata ajira. Mungu aliwajalia Ella na Oswald, na zamu ya Gervasi ikawa inasogezwa mbele. Hakunung'unika. Oktoba 2024 mkewe alikopa benki, naye, akiwa na miaka thelathini na sita, akaanza sheria hukohuko Dodoma. Vijana wa darasa lake walimwita Mzee, wakimletea suruali zao awarekebishie.

Januari miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alimwagiza vipimo vya figo. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya ada ya muhula wa pili. Akalipa ada, akanyamaza. Kwenye simu alisema tu, "Niko salama, mama Ella. Nasoma."

Tarehe 18 Februari 2025 alianguka akitoka kwenye mtihani. Happiness alimkuta hospitali, amebadilika uso.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nirudi nyumbani," alimjibu. "Ile ada ungeniuguzia, na mimi nisingesoma tena."

Alifariki asubuhi ya tarehe 21, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tangu mwili ulipofika Ilagala, kila anayekwenda kumpa pole Happiness anamkuta na neno moja tu. Hasemi kuhusu deni la benki, wala ada iliyokwisha kulipwa. Anasema, "Ningemwambia arudi. Kweli, ningemwambia arudi."

Marehemu ameacha mjane, Happiness. Watoto wawili, Ella na Oswald. Baba yake, Mzee Pastory. Kaka na dada zake. Ndugu wa ukoo, majirani wa sokoni Mwanga, na wanafunzi wenzake waliokuja kumzika.

Gervasi alichoka vya kutosha. Mungu amlaze, apate kupumzika.