Ronnie Mwakio, Aliyeniimbia Kifo Nikiwa Hai

Ndugu waombolezaji mliokusanyika hapa Najma, Doha, chumbani kwa Maurice, kumuaga Ronnie kabla ya ndege kumrudisha nyumbani, mimi niliyeandika haya ni Wakesho, nyanyake mzaa mama, shule niliiacha darasa la tatu, na nimemwambia Maurice ayasome kama yalivyo, asiyanyooshe, maana nasikiliza kwenye simu, na akiruka neno nitamrudisha mwanzo.

Marehemu Ronnie Mwakio alizaliwa tarehe 14 Juni 1994, Mgange, huku kwetu Taita, mtoto wa pekee wa binti yangu Millicent, ambaye leo yuko kando yangu na hawezi hata kushika kalamu, ndiyo sababu kazi imeniangukia mimi. Alizaliwa akilia na hakuona haja ya kuacha. Millicent alipopata kazi Mombasa nikabaki naye mimi, akaanza darasa la kwanza mwaka 2001, akamaliza la nane 2008, akaenda sekondari ya bweni Voi, akatoka 2012 na gredi ya C na gitaa, ile C tukaelewana, gitaa sijalielewa mpaka leo, kwa sababu nilimpeleka na godoro na akarudi bila godoro.

Aliuza simu Voi miaka kadhaa, kisha tarehe 3 Machi 2019 akafika Doha kwa kazi ya ulinzi, akapangiwa geti la nyumba za wapangaji kule Muaither, na kazi hiyo aliifanya vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini Ijumaa alasiri, siku ambayo wenzake walifua na kulala, yeye aliwaita watu chumba hiki hiki mlichokaa, viatu mlangoni, simu zimezimwa, halafu anazima AC, eti inafunika sauti yake. Watu wazima, walinzi, madereva, wasichana wa hoteli, wanakaa kwenye zulia Doha mwezi wa nane bila AC, wanamsikiliza kijana mwenye afya akiimba jinsi alivyoonewa na dunia, na Maurice ananiambia walilowa mpaka hujui lipi jasho, lipi chozi. Mwenye studio mmoja alimwambia waongeze ngoma watu wacheze harusini, akakataa, akaendelea kujirekodi mwenyewe kwa simu, akasema nyimbo zake si za kusimama. Basi wakakaa.

Ndoa hakufunga. Alimchumbia Jennifer mwaka 2022, msichana mzuri wa Al Wakrah, mpishi, mwenye subira, lakini siku moja Jennifer alikwenda saluni, aliporudi akakuta ameshaandikiwa wimbo wa kuachwa, akamwambia, Ronnie, nilikuwa nasukwa, naye akajibu kwamba wimbo umeshatoka vizuri. Jennifer akaona bora auhalalishe. Watoto hakuacha.

Sasa nifike kwenye wimbo unaoitwa Blanketi la Nyanya, ambao najua wote mnaujua, mimi ndiye sijawahi kuusikia. Ndani yake nimekufa, nimezikwa kwenye mvua, na ubeti wa pili Ronnie analikunja blanketi nililomwachia. Nilipopata habari nilimpigia nikamwuliza, wewe kijana, mimi nimekukosea nini, na blanketi ninalo nimejifunika, akacheka, nikamwambia basi niimbie nisikie nilivyokufa, akasema, hapana Nyanya, huo nitakuimbia siku yako yenyewe, nikamwambia ujiandae kungoja sana.

Jumatano tarehe 5 Novemba 2025 alianza kukohoa, Alhamisi akawa na homa, Loice, mlinzi mwenzake, akamwambia twende hospitali, naye akajibu kwamba Ijumaa amealika watu. Ijumaa akaimba, akakohoa katikati ya nyimbo, na nyinyi mkadhani ni huzuni, mkalia zaidi. Jumamosi Loice akamburuta hospitali, mapafu yamejaa, na Jumanne tarehe 11, saa kumi na mbili asubuhi, akatuacha, akiwa na miaka thelathini na moja, kwa ukaidi. Loice akatafuta kwenye simu yake jina la nyumbani, akaona Nyanya, akadhani namba imerithiwa, nilipopokea nikasema mimi ndiye, alipiga yowe akakata, ikabidi nimpigie mimi, nikamwuliza, msichana, una nini, akasema, Nyanya, si wewe ulizikwa? Ndivyo nilivyopokea habari za msiba, wangu kwanza, kisha wa mjukuu wangu.

Nimesikia mnataka kufunga shughuli kwa wimbo huo, na kwamba Terry, mlinzi aliyekuwa akimpigia gitaa la pili, ameubadilisha, penye Nyanya ataweka Ronnie. Terry, mwanangu, acha. Wimbo ule una mwenyewe na mwenyewe yuko hai. Leo imbeni mwingine, amewaachia wa kutosha. Ronnie aliahidi kuuimba siku yangu, na kama kawaida yake ameacha kazi katikati, kwa hiyo imekuangukia wewe, siku hiyo watakupigia kutoka Mgange, popote utakapokuwa umesimama getini, uombe ruhusa, simu itawekwa karibu na jeneza, uuimbe wote, na usibadilishe neno, hata lile la uongo kwamba nilikuwa mpole.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea Jumamosi, Loice aliyemburuta, majirani wa jengo hili waliovumilia kelele za vilio kila Ijumaa, walinzi wenzake wa Muaither walioshika zamu zake, na Maurice, ambaye nasikia hata leo amezima AC kwa mazoea. Maurice, iwashe. Hakuna sauti ya kufunikwa tena.

Blanketi nimelifua jana, liko kwenye kamba, likikauka nitalikunja mimi, na akifika atazikwa nalo, ili angalau kitu kimoja katika wimbo ule kiwe kweli, kwamba nilimwachia blanketi. Pumzika kwa amani, Ronnie, na huko ulikotangulia uwaachie watu AC yao.