Verlon Tackett na Farasi Jike wa Dirishani

Ndugu, jamaa na majirani wa Walters, haya mtakayosikia hakuna atakayeyaamini, na nusu yenu mlikuwepo.

Marehemu Verlon Tackett alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika shamba la wazazi wake, Amos na Ruthie, kusini mwa Walters, Oklahoma. Alitoka kabla mkunga hajafika. Mdogo wake Delbert, aliyezaliwa miaka minne baadaye, analikumbuka vizuri tukio hilo.

Alisoma hapa hapa mpaka darasa la kumi. Hesabu za ubaoni zilimshinda, lakini akimtazama farasi meno alikutajia umri wa mnyama na tabia za mwenye mnyama.

Kuanzia 1968 alinunua na kuuza farasi wa mabaka, wale ambao ni kama Mungu alijikwaa akiwa na ndoo ya rangi. Hakuuza nje ya wilaya. "Mtu akitaka kunitukana anikute kanisani," alisema. Na kabla ya kushikana mikono na mteja, alivua kofia akataja kasoro zote za mnyama.

"Kaka, unauza au unatubu?" Delbert alimuuliza.

"Mimi nauza farasi mara moja. Wewe huyo huyo unamuuza mara tatu, maana kila mara anarudishwa."

Mwaka 1972 alimwoa Lavonne Stecker, aliyekuja kununua farasi. Alitajiwa kasoro za farasi, halafu akaomba za muuzaji. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Basi farasi sitaki."

Mwaka 2015 marehemu alimnunua Opal: jike mweupe, kahawia masikioni tu, jicho moja la buluu. Alimuuzia Odell Kriegbaum. Opal akaenda kusimama mbele ya dirisha la mama yake Odell, hali, hanywi, mpaka bibi yule akakata roho. Akarudishwa. Akauzwa kwa shemasi, shemasi akazikwa. Akarudishwa tena. Tangu hapo Verlon aliitaja kasoro hiyo pamoja na kwato mbovu. Wateja walicheka, mpaka walipoacha kucheka.

Agosti 2023 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alitupatia matumaini. Lakini asubuhi ya tarehe 10 Oktoba Opal aliruka uzio, akasimama nje ya chumba cha mgonjwa, pumzi yake ikitia ukungu kiooni. Tulimfungia, akarudi. Bi Lavonne hakulia. Alimpigia simu Curtis Haddix, mgeni aliyehamia majuzi, aje na trela mchana ule ule.

Curtis alimpenda papo hapo. Akainama dirishani. "Mzee, ana kasoro gani?"

Bi Lavonne alimshika mumewe mkono. "Nyamaza, Verlon. Mara hii moja tu, mume wangu. Mwache aende naye."

Verlon alimtazama mkewe, akamtazama sana. Kisha akaomba kofia yake, akaivaa ili apate kuivua, na akasema yote. Trela liliondoka tupu.

"Umejimaliza mwenyewe, we mzee."

"Miaka yote sijamdanganya jirani, Lavonne. Nianze na mgeni?"

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Nje, Opal aligeuka akaenda zake kunywa maji.

Ameacha mjane, Lavonne, mabinti wawili, Twila na Jolene, wajukuu watano, na mdogo wake Delbert. Udongo huu aliouzunguka maisha yake yote umpokee taratibu, apate amani na pumziko.

Tangazo dogo: Opal anauzwa, leo hii, kwa yeyote mwenye trela. Ni mpole, hana kasoro hata moja, na kule kusimama mbele ya dirisha la Delbert tangu Jumamosi anafuata kivuli tu, maana upande ule kuna mti mkubwa kuliko—

"Hakuna mti upande ule, shemeji Delbert."