Bunduki ya Orrin na Nguruwe wa Bi Dovie

Ukitaka bei ya ng'ombe, nenda mnadani. Ukitaka mvua, muulize mchungaji. Lakini ukitaka ukweli, pita mbali na benchi lililo mbele ya duka la chakula cha mifugo pale Cutler Creek, Texas, kwa sababu ukweli haujawahi kukaa hapo, haupati nafasi. Benchi ni la watu watatu, na watu watatu hulijaza kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Yupo Redio, ambaye mama yake alimwita Wendell, ila tangu azaliwe hakuna aliyeona kitufe cha kumzimia. Yupo Shemasi, Hollis Crenshaw, anayepitisha sahani ya sadaka kanisani na kupitisha hukumu benchini. Na yupo Orrin Tackett, ambaye wenzake humwita Fundi, kwa heshima ile ile anayopewa mwenye kipara akiitwa Manywele. Kahawa iko ndani, kwenye birika kubwa la umeme, bure kwa mteja. Wao ni wateja: mwezi wa tatu walinunua mfuko wa mahindi, wakaugawana.

Alhamisi hiyo Orrin alifika amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Ndani yake mlikuwa na miezi kumi na minne ya maisha yake: mtutu kutoka duka hili, kitako kutoka lile, springi na pini zilizokuja kwa posta moja moja, nusu ya juu ya kiwiliwili, na ile nusu ya chini yenye namba, ambayo kisheria ndiyo bunduki yenyewe na aliijazia fomu kaunta kama raia mwema. Vyote vilikusudiwa kuwa bunduki moja kubwa ya kujipakia yenyewe, ya risasi ya mia tatu na nane, ile ambayo nguruwe pori wa paundi mia tatu akipigwa nayo hahitaji kuambiwa mara mbili.

Na nguruwe wenyewe walikuwepo, tena wengi. Walikuwa kwa Bi Dovie Pruitt, kando ya kijito, na hapo ndipo roho ya Orrin ilipokuwa ikichemka. Miaka ishirini na miwili shamba lile lilikuwa lake kuwinda. Hakukuwa na karatasi. Alishikana mkono na marehemu mumewe Bi Dovie juu ya boneti ya gari, basi, imekwisha. Sasa Jumatatu mama huyo alimpigia simu. Matikiti yamefukuliwa mistari minne, utadhani trekta lilipewa mlevi. "Wakiwa bado wapo Jumapili, Orrin, nawapa shamba vijana wa Dallas. Wana helikopta ya kuwindia." Aliyasema kwa upole. Angefoka, Orrin angelala usingizi.

— Fundi, mtoto kazaliwa? Redio aliuliza, soseji ya andazi la kolachi ikiwa bado inamchungulia mdomoni. Miezi kumi na minne, bwana. Punda angeshazaa na kunyonyesha.

— Haraka haraka haina baraka, Orrin akajibu, akaliweka boksi chini ya miguu yake badala ya juu ya benchi.

— Sasa hiyo haraka unayoikimbia iko wapi? Shemasi akauliza. Hebu nionyeshe niisalimie. Mimi yangu niliinunua hapo ng'ambo ya barabara kwa dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Maana yake vimeshaundwa. Wewe unaunda nini tena?

— Maana yake siyo hiyo.

— Shemasi ni nani hapa?

Orrin alikunywa kahawa. Kwa kawaida swali hili, la kujenga au kununua, lilimtia nguvu kuliko kahawa yenyewe. Angeweza kulibishania mpaka ng'ombe warudi.

— Bunduki ya dukani ni suti ya kuazima, alisema. Kwapani inabana, miguuni inapwaya, na huwezi kuikata kwa sababu si ya kwako rohoni. Ukijenga mwenyewe unajua kila pini ilikolala.

— Na zile zinazoruka? akauliza Redio.

— Iliruka moja tu.

— Iliruka moja, Shemasi, sikiliza. Kispringi kidogo kama kope ya panya. Kilimtoka vidoleni kikapotelea jikoni, mwezi wa sita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fundi akainama wiki mbili. Marva anaamka asubuhi anamkuta mumewe kapiga magoti mbele ya friji, akadhani ameokoka. Akamwita mchungaji.

— Mchungaji alikuja, Shemasi akathibitisha. Nilikuwa naye. Tuliimba beti mbili ndipo jamaa akatuomba tusogeze miguu.

Orrin mwenyewe alicheka. Kicheko kilimsaidia kulisukuma boksi nyuma zaidi, kwa kisigino.

— Lakini Fundi ana hoja, Redio akaendelea, maana Redio hubadili upande kabla upande wake haujapoa. Bunduki ya dukani inanuka boksi. Nguruwe ana pua kuliko mbwa wa polisi. Binamu yangu wa Lufkin alinunua mpya, akakaa juu ya mti siku tatu. Nguruwe wakaja wakala mahindi yote chini yake na hawakutazama juu. Kwa nini? Harufu iliwaambia huyu jamaa bado anasoma maelekezo.

— Binamu yako alikuwa amelala, Shemasi akasema.

— Alilala kwa sababu ya bunduki.

— Nakwambia mimi, Shemasi akasema, akiketi kama mtu anayefungua Maandiko, ya kujengwa ndiyo hatari. Inachukua tabia za mjenzi. Hii ya Orrin ikikamilika itaamka saa tatu, italalamika mgongo, na ukiielekeza kwa nguruwe itaanza kwanza kumsimulia habari za mashindano ya besiboli ya mwaka themanini na sita.

— Hilo si kitu, Redio akasema. Kuna jike kule kwa Bi Dovie, mkubwa kama friza. Yule anahesabu. Akisikia mlio wa bunduki ya kujipakia anatulia vichakani: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Kasha la risasi likiisha anawaambia wenzake, haya wanangu, karibuni mezani.

— Anahesabu kwa kutumia nini? Shemasi akauliza.

— Kwa kichwa. Ulitaka aandike?

— Na akikosea?

— Hajakosea. Ndiyo maana ni mkubwa.

Orrin aliomba kimoyomoyo waendelee hivyo hivyo mpaka saa ya chakula. Lakini Shemasi ana jicho la mtu aliyezoea kuona nani kaweka kifungo kwenye sahani ya sadaka.

— Mbona boksi linatembea kurudi nyuma? akasema. Lete tuone.

Hakukuwa na ujanja. Orrin akalipandisha benchini na kulifungua. Shemasi akatoa nusu ya juu, akatoa nusu ya chini, akafuta vumbi kwa shati, akaziweka pamoja. Zikakaa mbele. Nyuma zikaacha mwanya wa kupitisha sarafu ya robo dola. Akazigeuza, akazirudia, akazisemesha. Ya juu mgongo wake ulikatwa mviringo. Ya chini ilikatwa mshazari.

— Hizi si ndugu, alisema.

— Bunduki ni moja, risasi ni moja, Orrin akajitetea.

— Risasi moja, koo mbili.

Ikabidi Orrin aseme. Alilijua tangu Jumanne asubuhi. Ile bunduki ndogo ya aina hii, ya risasi nyembamba, watengenezaji wote walikubaliana vipimo. Ukichukua sehemu kwa huyu na sehemu kwa yule, zinaoana bila mshenga. Orrin alishajenga tatu za hivyo huku anatazama mechi. Basi hii kubwa akadhani ni hiyo hiyo iliyokula ikashiba. Kumbe kwenye hii kubwa hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Kila ukoo una mkato wake, na kuuliza ni kabla ya kununua. Yeye alinunua kwanza.

Shemasi akazirudisha nusu zote mbili boksini. 

— Usihuzunike, Redio akasema kwa sauti ya msibani. Mchagua jembe si mkulima. Wewe hukuchagua kabisa.

— Hiyo inanifariji vipi?

— Sijui, lakini ni methali.

Redio akashauri tupa ya kusugulia chuma. Kisha akashauri nyundo. Shemasi akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye duka la bunduki ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linafungua mlango.

— Dakika ishirini, Orrin. Kumi, kama una miwani. Jumapili inakuja na helikopta haitafuti springi jikoni.

Orrin alilitazama lile duka. Aliona miezi kumi na minne ya maneno aliyoyasema hadharani ikivuka barabara pamoja naye, kofia mkononi. Akaona pia shamba la kijito likienda Dallas. Alikuwa ameshainuka nusu wakati gari la Bi Dovie Pruitt liliposimama mbele yao, tope mpaka vioo.

Wote watatu wakasimama wakavua kofia.

— Kaeni, msijichoshe, akasema Bi Dovie. Alikuwa mwembamba, wa miaka sabini na kitu, amevaa viatu virefu vya mpira. Nimefuata chumvi ya ng'ombe, ila ni vizuri nimewakuta. Yule kijana wa Dallas alinipigia jana.

— Alisema ana bunduki gani, mama? Redio akadakia.

— Hakusema habari ya bunduki. Aliniuliza swali moja na mimi nikashindwa. Nikamwambia subiri, nina watu wanaolijua shamba langu kuliko mimi. Akawatazama mmoja mmoja. Nguruwe wanaingilia wapi siku hizi?

Redio alifungua mdomo. Akautia kolachi yote iliyobaki. Shemasi akatazama kofia yake, ndani, kana kwamba jibu limeshonwa kwenye ukingo. Wote wawili wakamgeukia Orrin.

Orrin alitafuta kichwani. Palikuwa na tundu chini ya uzio karibu na mierezi, lakini hilo lilikuwa kabla ya mafuriko ya mwezi wa tano, na baada ya mafuriko uzio ulihamishwa. Ulihamishiwa wapi? Alijua uzito wa kila springi ndani ya boksi. Hakujua uzio uko wapi. Hajakanyaga tope la kijito kile tangu kabla ya Pasaka.

— Sijui, mama, alisema. Nilikuwa na shughuli za bunduki.

Bi Dovie akachungulia boksini.

— Imekamilika?

— Hapana, mama. Wala haitakamilika kwa Jumapili.

— Na hao? Akawaonyesha Redio na Shemasi kwa kidevu.

— Hao walikuwa wananisaidia.

Bi Dovie alitikisa kichwa polepole, kama daktari wa mifugo. Orrin akaimwaga kahawa yake kwenye kokoto, akamkabidhi Shemasi nusu mbili za bunduki bila kuzitazama.

— Ukinipa nafasi kwenye gari lako, nitakitembea kijito chote leo, mpaka kwenye mpaka wa jirani. Nione nyayo, nione wanakopitia na wanakolala. Kabla ya jua kuzama nitakuja mlangoni kwako nikuonyeshe kwa kidole. Ukitaka kumwambia wa Dallas, utamwambia.

— Na bunduki?

— Leo naenda na macho.

Bi Dovie alimtazama usoni, kisha akamtazama miguuni, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama usoni.

— Viatu hivyo vitaloa, alisema, akaenda kumtoa mbwa kwenye kiti cha mbele.